Kungoja Kuja kwa Kristo katika Nchi ya Mara: Habari za Maneno na za Vitendo

Kusudi la makala hii ni kueleza jinsi Wakristo wa nchi ya Mara, hasa wa Musoma, Bunda na Butiama, walivyolipokea fundisho la kwamba Kristo atakuja mara ya pili, na jinsi walivyoishi kwa kulitumaini. Habari za misheni za sehemu hizo zimekwisha kuandikwa na wengi, lakini swali moja hupitwa upesi: mtu akiambiwa kwamba ulimwengu huu u karibu kwisha, je, mikono yake hulegea au hukaza? Swali hili si la wanatheolojia peke yao. Ni la mwanahistoria, kwa kuwa jibu lake limeacha alama juu ya ardhi. Tena ni la mwanaisimu, kwa kuwa jibu hilo limeacha alama ndani ya lugha. Hapa tutazitazama alama za namna zote mbili kwa pamoja.

Ukristo uliingia Mara kwa milango mitatu iliyo mikubwa. Wa kwanza ni wa Wakatoliki, waliotanguliwa na Mapadri Weupe, ambao kituo chao cha Nyegina, karibu na Musoma, ndicho kilichokuwa chemchemi ya parokia nyingi za baadaye. Mwaka 1946 walifika Mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani, na mwaka 1957 Musoma ikawa jimbo kamili. Bunda ilipata jimbo lake mwaka 2010.

Mlango wa pili ni wa Waadventista wa Sabato. Wamisionari wao wa Kijerumani walianza kazi Upareni mwaka 1903. Na upande wa Kenya, mwaka 1906, Arthur Carscallen pamoja na Peter Nyambo, mwenyeji wa Nyasa, walifungua kituo cha Gendia, karibu na ziwa hilo hilo la Victoria. Tangu mwaka 1909 Wajerumani walianza kufungua vituo upande wa Mara; Majita, Busegwe na Ikizu ni miongoni mwa vile vya mwanzo. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwaondoa wamisionari hao, na waliobaki kuitunza mbegu walikuwa wenyeji waliokwisha kujua kusoma.

Mlango wa tatu ni wa Wamennonite wa Pennsylvania, waliofika mwaka 1934 wakiongozwa na Elam Stauffer. Walianzia Shirati, kaskazini mwa Musoma karibu na mpaka wa Kenya, kisha wakateremka Bukiroba, Mugango na Bumangi. Mwaka 1967 Zedekia Kisare aliwekwa kuwa askofu wao wa kwanza Mwafrika.

Makanisa hayo matatu yalihitilafiana katika mambo mengi, lakini yote yalihubiri kuja kwa Bwana. Tutazame kwanza maneno waliyoyatumia.

Jina la Waadventista limetoka katika neno la Kilatini *adventus*, yaani kuja au kufika. Wakatoliki nao wana majuma manne kabla ya Noeli ambayo kwa Kilatini huitwa kwa neno hilo hilo, nao kwa Kiswahili wameyaita Majilio. Basi kwa asili ya jina, Mwadventista wa Busegwe ni "mtu wa Majilio", na Mkatoliki wa Nyegina kila mwaka huingia katika majira yaliyo na jina la jirani yake, ingawa wawili hao huenda wasilitambue jambo hilo. Lakini neno la Kiswahili lina kitu ambacho la Kilatini halikukionyesha. *Kuja* hakumtaji anayejiwa. *Kujia* na *kujilia* humtaji, maana kitenzi hicho hakikamiliki pasipo mtu wa kujiwa. Majilio, basi, ni kuja kulikomlenga mtu. Anayelitamka amekwisha kujitia mwenyewe ndani ya habari.

Watu wa Mara, hata hivyo, hawakuwaita Waadventista kwa tumaini lao. Waliwaita kwa siku yao: Wasabato. Jambo hili lafaa kuangaliwa. Tumaini li moyoni wala halionekani, lakini jirani aonaye jembe limelala Jumamosi na mtumbwi umevutwa pwani, huyo ameona kitu cha kukipa jina. Jina walilopewa na majirani ni ushahidi kwamba imani ya mambo yajayo ilijulikana kwa mwenendo wa juma hili.

Tena siku yenyewe ilileta tatizo la lugha. Juma la Kiswahili lahesabiwa baada ya Ijumaa, kwa desturi ya Waislamu wa pwani. Ndiyo sababu siku ifuatayo yaitwa Jumamosi, yaani ya kwanza. Mwalimu wa Kiadventista alipaswa kufundisha kwamba siku ya saba ni ile ambayo lugha yenyewe yaiita ya mosi! Njia iliyofuatwa ilikuwa kulishika neno la Kiebrania, Sabato, lisilo na hesabu ndani yake kwa sikio la Mswahili. Lakini kwa upande mwingine lugha ilimsaidia. Sabato huanza jua likichwa, na kwa hesabu ya zamani ya Waswahili siku nayo huanza magharibi, hata usiku wa Jumamosi ukawa ule unaoitangulia Jumamosi, wala si ule unaoifuata. Mgeni kutoka Ulaya alihitaji kuelezwa jambo hili. Mtu wa pwani hakulihitaji.

Ijumaa yao huitwa siku ya Maandalio, neno lililomo katika Biblia ya Kiswahili. Siku hiyo nyumba hufagiwa, nguo hufuliwa, kuni na maji huletwa, chakula hupikwa, na yote hutakiwa yawe yamekwisha kabla ya jua kutua. Mvuvi wa Majita anayeshika desturi hiyo hawashi taa za kuvulia dagaa usiku ule, hata kama ni usiku wa giza ambao dagaa huvuliwa kwa wingi. Hasara hiyo ni ya kweli, nayo hurudi kila giza la mwezi liangukiapo Ijumaa. Hivyo kila juma limekuwa zoezi dogo la siku ya mwisho: kuna saa iliyowekwa, nayo haimngoji aliyechelewa. Kwa mwaka kuna makambi, ambapo waumini huacha nyumba zao wakakaa pamoja katika vibanda kwa siku kadhaa wakisikiliza mahubiri. Na kulala katika kibanda ni kukumbuka kwamba nyumba ya kudumu haipo hapa.

Hapa yapasa kumjibu John Mbiti, mwanachuoni wa Kenya, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1969 alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza kwamba wakati wa Mwafrika huelekea nyuma, wala hauna mbele iliyo ndefu. Aliyachunguza hasa maneno ya Wakamba na Wagikuyu, akaona kwamba nyakati zijazo za vitenzi vyao hazipiti muda wa miaka michache. Mwaka 1971 aliandika juu ya shida iliyotokea Ukambani mahubiri ya mwisho wa dunia yalipowafikia watu wenye hesabu ya namna hiyo.

Hapana shaka kwamba Mara palikuwa na hesabu nyingine ya miaka. Wakuria wana marika ya vizazi yenye majina manane, manne ya upande wa Saai na manne ya upande wa Chuma, nayo majina hayo hupokezana, hata jina la kizazi cha kale likarudi tena kwa watoto. Wakati wa namna hiyo huzunguka kama gurudumu, lakini fundisho la Kristo kuja lilikuwa mstari wenye ncha. Walakini kuzunguka si kukosa mbele. Mtu ajuaye ni jina gani litakalopewa kizazi ambacho hakijazaliwa, huyo ameitazama mbele kuliko wengi wetu. Tena kuwa na wakati ujao si kazi ya viambishi vya kitenzi peke yake. Lugha yenye *-ta-* moja tu kwa kesho na kwa milele, kama Kiswahili, haijamzuia mtu yeyote kuzitofautisha mbili hizo.

Kwa maoni yangu, neno lililobeba fundisho hili Mara ni *kukesha*, zaidi ya *kungoja*. Kungoja kwawezekana mtu akiwa amelala, kukesha hakuwezekani. Ni kuupitisha usiku macho mpaka kuche, na sikio la msemaji husikia *kesho* ndani ya neno lenyewe. Maandiko yamefananisha kuja kwa Bwana na mwizi ajaye usiku, na katika nchi ambayo wizi wa ng'ombe umekuwa msiba wa vizazi vingi, mfano huo haukuhitaji mfasiri. Watu walijua kukesha zizini. Kando ya Serengeti, upande wa Bunda, walijua kukesha shambani ili tembo na nguruwe wasimalize mtama. Walijua kukesha matangani. Na mfano wa wanawali kumi na taa zao ulisikiwa na watu wa ufukoni ambao maisha yao yalitegemea karabai na mafuta yake, ambazo siku hizi taa za sola zimeanza kuzirithi. Anayekesha zizini hakuacha kufuga, bali anakesha kwa sababu anafuga.

Haifai, lakini, kuisimulia habari hii kana kwamba haikuwa na gharama. Waadventista na Wamennonite waliwataka wabatizwa waache pombe, na ngoma nyingi, na matambiko ya wazee. Mwenye wake wengi alitakiwa kubaki na mmoja. Na mwanamke aliyetolewa nyumbani pamoja na watoto wake alilipa deni la maandalio ya mtu mwingine. Kijana aliyekataa sherehe za rika lake alijitoa katika hesabu ya watu wake. Waliotumaini mji ujao walipoteza sehemu ya mji uliokuwapo, na si wote walioulizwa kama waliridhia.

Wamennonite walileta pia kumbukumbu iliyo ya kale zaidi. Katika miaka ya 1534 na 1535, katika mji wa Münster, Ujerumani, baadhi ya waliobatizwa upya walidhani kwamba saa imefika, wakautwaa mji kwa upanga wausimamishe Ufalme wao wenyewe. Mwisho wake ulikuwa njaa na mauaji. Menno Simons, ambaye Wamennonite wameitwa kwa jina lake, aliukataa upanga huo, na wafuasi wake wakafundishwa kungoja bila silaha. Mwaka 1942 uamsho uliokuwa ukienea Afrika ya Mashariki uliwashika Wamennonite wa Shirati, na mkazo wake ulikuwa toba na mapatano: Mwafrika na Mzungu, Mjaluo na Mbantu, waungame mbele ya wenzao, maana Bwana akija asiwakute na kinyongo. Hapo kungoja kuligeuka kuwa kulipa madeni ya moyoni.

Butiama imetupa mfano wa namna nyingine. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alibatizwa Nyegina mwaka 1943. Watu wengi wanajua tafsiri zake za Shakespeare. Wachache zaidi wamesoma kazi ya uzee wake, yaani Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda mwaka 1996. Matendo huanza na habari ya wanafunzi waliobaki wakitazama mbinguni, wakaulizwa wanatazama nini. Kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuongoza taifa na kung'atuka, kuitia habari hiyo katika vina na mizani lilikuwa jambo linalofaa kukumbukwa. Mwaka 1970, akizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York, alisema kwa maana hii: kwamba Kanisa lisiloshiriki kuyapinga mambo yanayowafunga watu katika umaskini halitakuwa na maana kwa watu hao. Hakuukana ufalme ujao. Alikataa tu kwamba uwe sababu ya kuwaacha maskini walipo. Tangu mwaka 2005 Kanisa lake limekuwa likichunguza maisha yake kwa ajili ya kumtangaza mwenye heri.

Twaweza sasa kulirudia swali la mwanzo. Waadventista wenyewe wamezaliwa katika tumaini lililovunjika: wafuasi wa William Miller huko Marekani walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na baadhi yao waliacha mazao yao shambani bila kuyavuna. Baadhi ya waliobaki baada ya siku hiyo ndio waliolianzisha kanisa hilo mwaka 1863, nao walijifunza kutotaja tarehe. Shule ya Ikizu, iliyofunza walimu na wachungaji, ni matunda ya somo hilo, kama vile hospitali ya Shirati na chuo cha Bukiroba vilivyo matunda ya Wamennonite. Asiyejua siku hupanda miembe.

Somo hilo halijajifunzwa na wote. Kanungu, nchini Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya watu walikufa katika kundi lililofundishwa kwamba mwisho umefika. Shakahola, pwani ya Kenya, tangu mwaka 2023, imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliosemekana kuambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Yafaa kusema wazi kwamba tofauti ya mambo hayo na ya Mara si ya nguvu ya imani. Watu wa Majita hawakuamini kidogo. Tofauti ni kwamba huko waumini walitengwa na shamba, na shule, na jirani, akabaki kiongozi mmoja mwenye kuishika saa. Mara, saa haikuwa ya mtu, na jirani alikuwapo siku zote, hata akapata kutoa jina.

Wazee waliosikia mahubiri ya makambi ya miaka ya 1930 na 1940 karibu wamekwisha, na pamoja nao maneno ya Kijita, Kizanaki na Kiikizu waliyoyatumia kusema habari hizi kabla Kiswahili hakijatawala mimbari. Wanafunzi wetu watokao sehemu hizo wangefanya kazi njema kuyakusanya mapema, nyumba kwa nyumba, kutoka kwa watoto wa wazee hao.