Uongofu wa Waliobaki Nyuma

Wamormoni wajulikanao zaidi ulimwenguni ni wale waliomfuata Brigham Young, wakakata nyika na milima ya Marekani hata wakafika bonde la Salt Lake mwaka 1847. Bali habari nitakayo kuieleza ni ya wale waliobaki nyuma, ambao kwa kukataa kufuata walijikuta, pole pole na pasipo kukusudia, wameasisi tawi lenye fikra huru zaidi katika ukoo mzima wa dini ile. Joseph Smith, aliyelianzisha kanisa mwaka 1830, aliuawa na kundi la watu wenye silaha katika gereza la Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, wala hakuacha usia mmoja ulio wazi juu ya nani atakayemrithi. Mjane wake, Emma, alikataa kwenda magharibi. Alikaa Nauvoo, kando ya mto Mississippi, mto ule ule aliouvuka mwezi Februari 1839 ulipokuwa umeganda barafu, wanawe wawili wadogo mikononi, wakubwa wawili wameshika gauni lake, na hati za mumewe za kusahihisha Biblia zimo katika mifuko ya pamba aliyojifunga kiunoni chini ya nguo. Mwanamke wa namna hiyo hakuwa mtu wa kuhamishwa kwa amri.

Naye Jason Briggs, aliyezaliwa mwaka 1821 na kubatizwa mwaka 1841, alikuwa mzee wa jamaa ndogo ya waumini huko Beloit, Wisconsin. Baada ya nabii kufa, alimfuata James Strang, kisha William Smith, nduguye nabii. Na kwa kila mmoja wao alikuta jambo lile lile lililomkirihisha, yaani ndoa za mitara, zikifundishwa kwa siri na kupewa jina la amri ya Mungu. Mwezi Novemba 1851 alitoka peke yake kwenda uwanda wa majani kuomba, akarudi akisema amepata wahyi wa kuwakataa wote waliojidai urithi, na kumngoja kiongozi kutoka uzao wa Joseph. Huu ndio uongofu ninaouona wa ajabu: mtu aliyekuwa ndani ya imani kwa miaka kumi aongoke bila kuhamia dini nyingine, kwa sababu tu dhamiri yake imekataa kunyamaza.

Tarehe 6 Aprili 1860, katika mji wa Amboy, Illinois, Joseph Smith wa Tatu, mwana wa nabii, mwenye umri wa miaka 27, alikubali kuwaongoza waumini waliomngoja pamoja na Briggs, na mama yake Emma alikuwapo. Miaka mitano baadaye, mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, alitoa wahyi ulioruhusu wanaume wa kila kabila na rangi kupewa ukuhani, hali kanisa la Utah, la wafuasi wa Brigham Young, liliwanyima watu weusi ukuhani huo mpaka mwaka 1978.

Hata hivyo kanisa hilo jipya halikumvumilia Briggs. Yeye aliendelea kuuliza: je, kila neno la wahyi ni la Mungu, au limepita katika akili ya mwanadamu na kuchukua ila zake? Maswali hayo yaliwaudhi wenzake kwa miaka mingi, na mwaka 1886 alijitoa katika kanisa alilokuwa miongoni mwa waliolijenga. Alifariki mwaka 1899. Kwa maoni yangu alidhulumiwa, kwani baadaye kanisa lilifika palepale aliposimama: wanawake wa kwanza walipewa ukuhani mwaka 1985, ingawa maelfu ya waumini walitoka kwa hasira, mwaka 2001 likajiita Jumuiya ya Kristo, na mwaka 2007 rais wake, Stephen Veazey, akaueleza mkutano mkuu kwamba kukiamini Kitabu cha Mormoni hakukuwa sharti la ushirika.

Lakini mtihani mkubwa zaidi, na ambao sisi wa Afrika tunaufahamu kwa kuwa wamisionari waliwatwisha wazee wetu mzigo huo huo, ulitoka Bara Hindi. Katika vilima vya Orissa, watu wa kabila la Sora walitaka kubatizwa katika miaka ya 1960, na baadhi ya wanaume wao walikuwa na wake zaidi ya mmoja. Kanisa lililozaliwa kwa kuichukia mitara lifanye nini? Kumwamuru mume awaache wake zake wengine ni kuwatupa wanawake na watoto wasio na kosa, wasio na pa kwenda. Mtume Charles Neff, aliyewahi kuwatembelea, aliwatetea. Wengi Marekani wakapinga wakisema msingi umevunjwa. Mwaka 1972 uamuzi uliandikwa katika maandiko ya kanisa: ndoa ya mke mmoja ndiyo kanuni, lakini kanisa liwe tayari kuchukua mzigo wa dhambi za hao waongofu na kuipokea toba kwa kiasi wawezacho. Basi waliruhusiwa kubatizwa pamoja na nyumba zao kama zilivyokuwa, kwa sharti kwamba mume asioe tena mke mwingine.