Kura za Kinkondja: tangu 1959 mpaka baraza ambalo halijakaa



Wafadhili wanatuuliza mara kwa mara swali moja: kabla ya kuchimba kisima ao kugawa nyavu, baraza la kuchaguliwa la kule Kinkondja limesema nini? Swali ni zuri, lakini jibu linataka historia. Kinkondja ni sheferi ya teritware ya Bukama, kandokando ya ziwa Kisale. Iko na sultani, iko na wazee. Baraza lililotoka katika kura za raia, namna katiba inavyotaka, hilo haliko.

Wakati wa Bula Matari mambo ya mabaraza ya vijiji yalipangwa na sheria ya tarehe 5 Desemba 1933. Sultani alikaa na wakubwa wake, na mzungu wa teritware alikuwa juu yao wote. Hakuna mtu aliyepiga kura. Kura ilianzia mijini: Desemba 1957 watu wa Léopoldville, Élisabethville na Jadotville walichagua washauri wa komine zao. Kule Élisabethville waliochaguliwa wengi walikuwa watu waliotoka inje ya Katanga. Wenyeji wengine wakakasirika, na mwaka uliofuata Conakat ikazaliwa. Baluba wa Katanga walikuwa ndani yake kwanza, kisha wakatoka na Balubakat yao, chini ya Jason Sendwe, msaidizi wa daktari, mtoto wa upande wa Kabongo.

Vijijini kura ilifika Desemba 1959. Wanaume peke yao. Miezi mitano tu nyuma yake, Mei 1960, ikaja kura kubwa ya kutayarisha dipanda, na hapa inafaa tukae kidogo, maana matata mengi ya wazee wetu yanatoka katika hesabu moja.

Baraza la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Conakat ya Moïse Tshombe ilipata 25, muungano wa Balubakat ukapata 23, vingine vikaenda zaidi kwa watu wasio na chama. Sheria ilisema serikali ya jimbo haiwezi kuchaguliwa kama theluthi mbili za wajumbe haziko ndani ya chumba, ni kusema watu 40. Wale 23 wakakataa kuingia. Toa 23 kwa 60, inabaki 37. Mlango ulikuwa umefungwa kisheria kabisa. Wabelgiji wakabadilisha sheria katikati ya Juni, siku chache mbele ya dipanda, na Tshombe akapita. Tarehe 11 Julai akatangaza Katanga ni inchi ya peke yake.

Sisi hatusemi Balubakat walikuwa malaika. Vijana wao walifanya mabaya pia. Lakini watu walioshika karatasi ya kura mara ya kwanza katika maisha, halafu wakaona sheria inageuzwa sababu ya kura ile, walijifunza somo baya. Katanga ya kaskazini ikaasi, vijiji vikachomwa. Mwaka 1961 Baluba kwa makumi ya maelfu walijaa katika kambi ya ONU kule Élisabethville, na mwaka 1962 wakapelekwa na treni, wengine Kasai, wengine kaskazini kwetu. Njo hao warejeaji wa kwanza, miaka mingi mbele ya chama hiki. Sendwe mwenyewe aliuawa Albertville, Juni 1964.

Kura ya vyama vingi ilirudi 1965, na Novemba ile Mobutu akachukua utawala. Wanawake walipata haki ya kura 1967. Kura ya rais ya kwanza waliyoiona mama zetu ilikuwa ya 1970: mgombea mmoja, kadi ya kijani kwa kukubali, nyekundu kwa kukataa, mbele ya macho ya wote. Inchi nzima walihesabu kura 157 tu za kukataa. Sheferi ikaitwa kolektivite, teritware ikaitwa zone, na mabaraza yakawa ya MPR. Tunapita haraka hapo.

Mwisho wa 2005, wakati wa vita ya Mai-Mai na jeshi, watu wa pande zetu walikimbilia visiwa vya majani vinavyoelea juu ya ziwa Upemba. Gédéon alijitoa kwa ONU Mei 2006, na tarehe 30 Julai ikawa kura ya kwanza ya vyama vingi tangu 1965. Kadi ya mpiga kura inakufunga kwa kituo ulipoandikishwa. Mwenye kukimbia, kama hawezi kurudi siku ile, kadi yake inabaki kuwa kitambulisho tu. Inaonyeshwa kwa bariera, haichagui mtu.

Katiba ya 2006 inasema sheferi inajiongoza yenyewe. Sultani anatoka katika mila, lakini baraza lake linachaguliwa. Sheria ya 2008 ikaongeza kwamba miji, komine, sekta na sheferi wapate asilimia 40 ya sehemu ya makuta ya taifa inayokuja kwa jimbo. Basi nani anauliza makuta hayo kama yamefika? Kazi hiyo ni ya baraza. Kura yake ilipangwa tarehe 25 Oktoba 2015, siku ikapita. 2018 tulichagua rais na madepite peke yao. Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa katika miji mikubwa ya majimbo. Kwa Haut-Lomami ilikuwa Kamina. Sheferi hazikuguswa.

Kwa hiyo mfadhili akitaka sahihi ya baraza, sisi tunampatia sahihi ya sultani na muhtasari wa mkutano wa wanamemba, mama wauza samaki wakiwa ndani. Wengine wanatuambia: basi chama kiwe baraza. Hapana. Sisi tunawajibika kwa waliolipa mchango, na Kinkondja iko na watu wengi ambao hawajalipa, na ambao hawakutuchagua. Tutaendelea kupeleka barua kwa sultani, na nakala kwa mkuu wa teritware kule Bukama.