Kula, Kura na Mashine

Lugha yetu ya Ekegusii haina sauti ya “l”. Ndiyo maana huku kwetu Nyaramba ukimsikia mzee akisema anaenda “kura”, usidhani ni siku ya uchaguzi. Anaenda kula. Jirani huelewa mara moja, lakini programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi huandika tu “kura”.

Hadithi hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu vya shule vilihitaji lugha moja, sawa. Ila sisi wa bara tukaanza kuchekwa darasani kwa matamshi yetu.

Mashine nayo husikia vizuri zaidi sauti ilizofundishwa. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walipima programu za Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani zilikosea asilimia 19 ya maneno ya Wamarekani weupe, na asilimia 35 ya maneno ya Wamarekani weusi. Nchi ileile, Kiingereza kilekile.

Mchekeshaji akiiga lafudhi yetu, tunacheka wote. Lakini siku simu ya hospitali itakapopokelewa na mashine, nani ataieleza kwamba mama akisema mtoto ana homa “kari” anamaanisha kali? Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili kupitia Common Voice, na yeyote anaweza kujirekodi. Tupeleke zetu. Sioni kwa nini mama huyo ndiye abadilishe ulimi.