Chenjua

Chenjua (pia: kuchenjua) ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kutenganisha madini na mwamba, mchanga au udongo yaliyochanganyika navyo. Husikika sana katika mikoa ya Geita na Shinyanga, nchini Tanzania, ambako dhahabu huchimbwa na makampuni makubwa pamoja na wachimbaji wadogo.

Maana

Mwamba wenye dhahabu hupondwa na kusagwa, kisha unga wake huchenjuliwa. Njia kuu ni tatu:
- kuosha kwa maji, ili dhahabu iliyo nzito ibaki chini;
- kuchanganya na zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu;
- kutumia maji yenye sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu. Baadaye hunaswa kwa kaboni.

Zebaki huondolewa kwa kuchoma. Mvuke wake ni sumu inayodhuru neva na figo. Hivyo kuichoma wazi, hasa nyumbani, huhatarisha familia nzima.

Tofauti na maneno ya karibu

- Chimba: kutoa mwamba ardhini.
- Yeyusha: kutoa metali kwa moto mkali.
- Safisha: kuondoa metali nyingine zilizobaki ndani ya dhahabu. Kazi hii hufanywa, kwa mfano, katika kiwanda kilichozinduliwa Mwanza mwaka 2021.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatenganisha leseni za uchenjuaji, uyeyushaji na usafishaji. Kwa hiyo si sahihi kutumia "chenjua" na "safisha" kana kwamba ni neno moja.

Umuhimu wa tofauti hizi ulionekana mwaka 2017, serikali ilipozuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi. Makinikia ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, mkoani Shinyanga, yaliitwa na wengi "mchanga". Kumbe yalikuwa mwamba uliokwisha kusagwa na kuchenjuliwa kwa sehemu, ukiwa bado na dhahabu, shaba na fedha za kutolewa kwa kuyeyushwa.

Sarufi

Kauli ya kutendwa ni chenjuliwa, ya kutendea ni chenjulia. Nomino zake ni uchenjuaji (kazi) na mchenjuaji (mtu).

Mifano:
- "Mawe haya bado hayajachenjuliwa."
- "Uchenjuaji usifanyike karibu na kisima."