Binti wa Pozzuoli

Wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Walituonya kuwa sura ya nje yaweza kumhadaa mtazamaji, hali ndani hamna kitu. Lakini, msomaji, methali hiyo haisemi kwamba kila chombo kizuri ni kitupu. Maisha ya Sophia Loren wa Italia, aliyetoka katika mashindano ya urembo akawa mwigizaji mashuhuri wa senema, yanatupa nafasi ya kuipima.

Ili tuyafahamu maisha hayo, hapana budi tuanze na mama yake, Romilda Villani. Mwaka 1932 Romilda alishinda shindano la kumtafuta msichana aliyefanana na Greta Garbo, nyota wa senema wa zama hizo. Zawadi ilikuwa safari ya kwenda Hollywood, Marekani. Wazazi wake walimkataza, na safari ikapotea. Tarehe 20 Septemba 1934 alimzaa Sophia mjini Roma. Baba wa mtoto alikataa kumwoa, naye Romilda akarudi kwa wazazi wake Pozzuoli, mji mdogo wa bandari karibu na Naples.

Huko Sophia alikulia katika dhiki. Alikuwa mwembamba hata wenzake shuleni wakamwita kijiti cha kuchokolea meno. Vita Kuu ya Pili ilipofika, mabomu yaliupiga mji, watu wakalala katika handaki la reli, chakula kikawa adimu, na kipande cha bomu kikamjeruhi kidevuni. Askari wa Kimarekani walipoingia, bibi yake aligeuza sebule kuwa mahali pa kuwauzia vinywaji. Mama alipiga piano. Sophia aliandalia wageni na kuosha vyombo.

Mwaka 1949 lilifanyika shindano Naples la kumchagua Malkia wa Bahari. Fedha za nguo hazikuwapo. Bibi akashusha mapazia ya rangi ya waridi, akamshonea mjukuu wake gauni. Viatu vyake vyeusi vikapakwa rangi nyeupe. Sophia hakutawazwa malkia, bali alikuwa miongoni mwa wasichana 12 waliochaguliwa kumwandama malkia. Alipewa lira 23,000, karatasi za kupamba ukuta, na tiketi ya gari la moshi ya kwenda Roma. Tazama, msomaji: safari ilibisha hodi mara ya pili katika nyumba ile ile, na mara hii Romilda hakukubali ipotee. Mama na binti walisafiri pamoja.

Roma haikuwapokea kwa maua. Walipata kazi ya kujaza umati katika picha ya Quo Vadis. Katika shindano la Miss Italia la mwaka 1950, Sophia alipewa cheo cha umaridadi tu. Wapiga picha walilalamika kuwa pua yake ni ndefu na mdomo wake mpana. Akashauriwa abadilishwe pua, akakataa. Mwaka 1953 aliigiza Aida, binti mfalme wa Ethiopia, uso wake ukiwa umepakwa rangi ya weusi, naye akichezesha midomo huku sauti ni ya mwimbaji Renata Tebaldi. Uso haukuwa wake, wala sauti haikuwa yake. Lau angekomea hapo, methali ya mkakasi ingalimwenea barabara.

Aliyemfungua alikuwa mwongozaji Vittorio De Sica. Mwaka 1954 alimpa sehemu ya mwuza piza wa Naples, akamwacha aseme na kutembea kama watu wa kwao. Kisha, mwaka 1960, ikaja La Ciociara, picha iliyotokana na riwaya ya Alberto Moravia. Ni hadithi ya mama na binti wanaokimbia mabomu, kisha wanatendwa unyama kanisani na askari wa upande uliokuja kuwakomboa. Kwanza Sophia alikusudiwa kuwa binti, na Anna Magnani kuwa mama. Magnani alipokataa, Sophia, mwenye umri wa miaka 25, akachukua nafasi ya mama. Njaa na hofu hakuhitaji kufundishwa. Na mama anayemkinga binti yake vitani alikuwa amemwona kwa macho yake.

Mwaka 1962 picha hiyo ilimpatia zawadi ya Oscar. Alikuwa wa kwanza kuipata kwa sehemu kuu iliyoigizwa katika lugha isiyo ya Kiingereza. Waamuzi wa urembo walikuwa wamempa tiketi. Lugha ya kwao na machungu ya utotoni ndiyo yaliyompa heshima.

Basi, msomaji, usiudharau uzuri, kwani ni mlango, na maskini hapati milango mingi. Lakini kumbuka kuwa Romilda naye alikuwa mzuri, akafungiwa nje. Uzuri hauna miguu: wahitaji wa kuusindikiza hadi mlangoni, na wahitaji kitu ndani cha kuonyesha mlango ufungukapo.