Msasa, Kalafati na Uso wa Bloku

Historia tuliyosomeshwa skuli imeieleza Pemba kwa masultani na karafuu. Sikatai. Lakini nani aliyeyaweka barabarani malori yaliyobeba karafuu hizo, wakati vipuri vilikuwa havionekani? Hapo kitabu kinanyamaza, na hapo ndipo mie ninapotaka kuanza.

Kwanza turudi nyuma, ndugu msomaji. Katika karne ya kwanza mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alikitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wengine wanadhani ni Pemba na wengine wanasema ni Unguja au Mafia. Anasema vyombo vya huko vilishonwa. Baadaye mbao zikapigiliwa misumari, na baina ya ubao na ubao fundi akatia kalafati: pamba yenye mafuta, inagongwa kwa patasi mpaka maji yakose njia. Gasketi ya hedi kazi yake ni hiyo hiyo, ila humu wanaozuiwa ni watatu, moto wa silinda, maji na oili, na kila mmoja anataka kwenda kwa mwenzake. Wakikutana, oili inakuwa kama chai ya maziwa na gari limekwisha.

Hata neno msasa lina ukoo wake. Msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala waliyalainishia mbao kabla ya karatasi za dukani.

Injini ya Rudolf Diesel ilifaulu majaribio yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Kwetu dizeli ziliingia kwa malori, mashine za kusagia na mitambo ya Wesha, iliyotupa umeme mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa Norway.

Kipindi kilichonishika zaidi ni miaka ya 1980. Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa aliyezitia karafuu kwenye sigara, ilikuwa imeshapanda zake, na bei ikaporomoka. Fedha za kigeni zikawa adimu, vipuri navyo. Fundi mmoja mzee wa Chake Chake aliniambia, "Mwanangu, gasketi ukiipata siku zile unaifunga kwenye kanga." Hakukuwa na ya pili, basi ilikuwa lazima uso wa bloku uwe tayari kabla gasketi haijaguswa.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Silinda zinazibwa kwa matambara safi ili uchafu usitumbukie. Mabaki ya gasketi ya zamani yanakwanguliwa kwa ubao wa chuma uliolazwa, kwani ukiusimamisha unachimba mfereji, na mfereji mmoja kutoka tundu la maji hadi silinda unatosha kuunguza gasketi mpya. Kisha jiwe la kunolea, bapa, na mafuta kidogo, mkono mwepesi. Kisha rula ya chuma: kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari kona hadi kona, tochi ikimulika nyuma yake. Fila geji ya milimita 0.10 ikipita popote chini ya rula, bloku linakwenda kuchongwa kwenye mashine, na hapo huna ubishi.

Mwisho ni matundu ya boliti, ambayo wengi huyasahau. "Kijana, mafuta hayabanwi," alisema mzee. Oili ikibaki ndani ya tundu lisilotoboka, boliti inaikandamiza mpaka bloku linapasuka, au spana inakudanganya kuwa umekaza kumbe hedi haijalala. Ukishakausha, unakaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu.

Siku hizi baadhi ya vijana wenzangu wanatumia msasa wa mashine. Dakika mbili uso unang'ara kama sahani ya harusi! Lakini vumbi la msasa ule ni gumu kuliko chuma cha beringi. Likiingia kwenye oili, injini inajisaga yenyewe. Nimeliona lori lililotoka hivyo gereji likarudi likivutwa kwa kamba kabla mwezi haujaisha. Wenye lori wakalaumu gasketi.

Nilimwuliza mzee kama kuna mahali alipoyaandika haya. Akacheka. Akanipa rula yake niishike. Makali yake hayana hata alama, kwa kuwa miaka yote hiyo hajakubali mtu aitumie kuchorea mistari.