Chupa Iendayo na Kurudi

Wahenga walituachia neno kwamba akiba haiozi. Hawakujua kuwa ingekuja siku ambapo takataka nazo hazingeoza. Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kwa kemikali tupu ilibuniwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza tani zipatazo milioni 2 tu za plastiki. Leo hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka.

Majaa yalipofurika, watu walijifariji kwamba taka zitakusanywa, zitayeyushwa na kuundwa upya. Kazi hiyo ni njema na yastahili heshima. Huko Lamu, mwaka 2018, mafundi walishusha baharini jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndara kuukuu, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Hata hivyo, hesabu ya wataalamu iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba, katika taka zote za plastiki zilizopata kuwako duniani hadi mwaka 2015, ni kama sehemu 9 tu katika kila 100 zilizoundwa upya.

Kwa nini ikawa hivyo? Plastiki si kitu kimoja, bali ni jamii ya vitu vingi, na vile viyeyukavyo huyeyuka kwa joto tofauti. Vikichanganywa, huzaa kitu dhaifu. Tena kila plastiki iyeyushwapo, minyororo mirefu ya chembe zake hukatika na nguvu zake hupungua. Ndiyo maana chupa aghalabu hugeuzwa uzi wa zulia, nalo zulia likichakaa huishia jaani. Safari ya kwenda jaani imecheleweshwa, haikukomeshwa.

Sasa linganisha na chupa ya soda ya kioo. Nchini Kenya, kwa miaka mingi, mnunuzi aliyetaka kuondoka nayo aliacha dukani chupa tupu au fedha za amana. Chupa ilirudi kiwandani, ikaoshwa, ikajazwa tena na tena pasipo kuyeyushwa. Ni nani angeitupa, hali ilikuwa na thamani? Chupa ya plastiki ilipoenea, haikudai amana, na kisichodaiwa hutupwa.

Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wako waliohofu kuwa biashara ingekwama. Masoko hayakufungwa, watu walishika tena vikapu na vyondo, kama walivyofanya wazee wao.

Basi, kijana, ununuapo kitu, usitangulie kuuliza kitaundwaje upya. Uliza kwanza kitatumika mara ngapi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.